Launji ya JKIA au benchi la ukumbini? Ulinganisho kwa abiria wa Kisumu, Eldoret na Nakuru

Kisumu hadi Nairobi kwa ndege ni kama dakika 45 hivi angani. Kinachomchosha abiria wa huku magharibi mwa Kenya anayekwenda ng'ambo ni muda anaokaa chini. Ndege ya asubuhi imemshusha JKIA (uwanja mkuu wa Nairobi), ya Amsterdam au Dubai ni ya usiku, na katikati kuna masaa sita, manane, wakati mwingine kumi na tano. Hapo ndipo anapokumbuka launji. Amesikia kuna ukumbi wenye makochi, chakula cha kujipakulia, bafu na intaneti. Analipa zaidi ya shilingi elfu nne, anaingia, anakuta makochi yamejaa, sambusa zimepoa na soketi moja inagombaniwa na watu watatu.

Tunalinganisha hapa njia zilizopo kwa bei, kwa muda na kwa yale yanayokwenda mrama. Msimamo wetu tuuseme mapema: launji haikuondolei siku nzima ya kusubiri. Inakusaidia kwa masaa matatu ya mwisho tu, na hulipa pale unapohitaji angalau vitu viwili kati ya bafu, mlo kamili na meza ya kufanyia kazi. Ukihitaji kimoja, kinunue peke yake.

Kabla ya bei, angalia mlango uko wapi

Launji za safari za nje ziko ndani kabisa, ukishapita kaunta ya shirika, ukaguzi na meza ya uhamiaji. Mwenye mzigo wa kupakia hawezi kufika huko kabla kaunta haijafunguliwa, na mashirika mengi hufungua kaunta masaa matatu au manne kabla ya ndege kuondoka. Juu ya hayo, launji nyingi za kulipia na kadi nyingi za launji zina kanuni ya masaa matatu: unaruhusiwa kuingia kuanzia masaa matatu kabla ya safari, si mapema zaidi. Piga hesabu. Aliyetua kutoka Kisumu saa mbili asubuhi na anaondoka saa tano usiku ataiona launji saa mbili usiku. Masaa kumi na mawili ya kabla ya hapo ni juu yake.

Mwenye tiketi moja kutoka Kisumu hadi mwisho wa safari ana nafuu kubwa. Mzigo wake unaunganishwa moja kwa moja na mara nyingi pasi zote mbili za kuabiri anapewa Kisumu. Usiondoke kaunta ya Kisumu kabla ya kusoma ile karatasi ndefu iliyofungwa kwenye mkono wa sanduku. Ikiwa na herufi za mwisho wa safari, kama AMS, LHR au DXB, mzigo utakwenda wenyewe. Ikiwa imeishia NBO, utauchukua Nairobi na kuupeleka tena kaunta. Hapo sahau launji mpaka kaunta ifunguliwe, maana utakuwa nje ukivuta sanduku la kilo 23.

Halafu kuna suala la jengo. Ndege za ndani hutumia 1D. Kenya Airways na wenzake wa SkyTeam (muungano wa mashirika ya ndege), kama vile KLM na Air France, huondokea 1A, na launji za Kenya Airways zinazoitwa Pride na Simba ziko huko. Mashirika mengine mengi ya nje hutumia 1B na 1C. Kadi inayofungua launji ya jengo jingine haikufai, kwa sababu ukishapigwa muhuri wa uhamiaji huwezi kutoka ukazunguka. Kwenye programu ya kadi, usitosheke kuona neno Nairobi. Fungua ukurasa wa launji yenyewe usome jengo na masaa ya kufanya kazi.

Na Wilson je? Baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson, siyo JKIA. Ni viwanja viwili tofauti, na kati yake kuna Mombasa Road yenye foleni zake. Bei ikikuvutia, hakikisha tiketi imeandikwa NBO. Ikiwa WIL, tenga masaa mawili kamili kwa ajili ya kuhama tu.

Njia tano kwa mkupuo

| Njia | Gharama | Unachopata kweli | Panapoharibika |
|---|---|---|---|
| Ukumbi wa kawaida | Bei ya unachokula | Kiti, choo, ukaribu na lango | Viti vya mikono ya chuma, soketi chache |
| Kulipia launji papo hapo au mtandaoni | Takriban dola 35 na kuendelea kwa mtu | Mlo, vinywaji, kiti laini, pengine bafu | Hujaa usiku. Mwisho masaa matatu |
| Kadi ya launji au ya benki | Ada ya mwaka, au idadi fulani ya "bure" | Hayohayo, na katika viwanja vya nje pia | Ikijaa unarudishwa; mgeni wako hutozwa |
| Daraja la biashara au hadhi ya juu kwa shirika | Imo ndani ya tiketi | Launji ya shirika lenyewe | Hadhi haitambuliwi kwa kila safari |
| Chumba cha mchana | Kulingana na hoteli au gesti | Kitanda, bafu, mlango wa kufunga | Foleni ya barabarani. Kusinzia ukaachwa |

Dola 35 kwa kiwango cha shilingi 129 ni kama 4,500. Watu wawili ni 9,000. Shika namba hiyo, tutaihitaji.

Kwa nini launji huvunja moyo

American Airlines ilipoanzisha launji yake ya kwanza katika uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, aliyeingia alikuwa amealikwa. Picha tuliyo nayo vichwani ya sehemu tulivu ya wateule wachache imetoka enzi hizo. Launji ya kulipia ya leo ni biashara ya idadi. Mpango wa kadi humlipa mwendeshaji kiasi fulani kwa kila kichwa kinachoingia, na faida yake ni kile kinachobaki baada ya kukulisha. Ukilielewa hilo, mengi yanayokera yanajieleza yenyewe.

Chakula, kwa mfano. Nenda kwenye sufuria za kupashia utaona wali na tambi vimejaa hadi ukingoni, na kwenye ya kuku umebaki mchuzi na shingo. Wanga ni rahisi na hukaa. Nyama ni ghali, kwa hiyo hutolewa kidogo kidogo. Ukitaka kula vizuri, uliza mapokezi wanabadilisha chakula saa ngapi, kisha uwe pale dakika kumi za kwanza. Ukifika mwisho wa kifungua kinywa utakuta mayai yamekauka na mlo wa mchana haujatoka. Anayetarajia ugali na samaki wa kukaanga vizuri ale Kisumu kabla hajaondoka, huko hatavikuta.

Utulivu hutegemea saa. JKIA hujaa kuanzia kama saa mbili usiku hadi saa sita, ndege za Ulaya na za Ghuba zinapojipanga. Mchana, launji ileile inaweza kuwa na viti tele. Wanaoilaumu na wanaoisifu mara nyingi wamepita mahali pamoja kwa nyakati mbili.

Usingizi usiutarajie. Launji nyingi za kawaida hazina vitanda wala kona ya kulala. Zina viti vya kukalia vyenye mito. Utasinzia, shingo itauma. Bafu, pale zilipo, huwa chache, na hapa ndipo watu wengi hula hasara: wanakula kwanza, wanakumbuka kuoga zikiwa zimebaki dakika arobaini, wanakuta foleni. Andikisha jina lako la bafu ukiwa bado unaonyesha pasi yako mlangoni, uulize taulo na sabuni palepale. Baada ya hapo ndipo ukae.

Intaneti ya launji huwa na nywila inayobandikwa mapokezi, na watu themanini wakiitumia kwa video huwa haina tofauti na ya ukumbi wa nje. Mwenye mkutano wa kazi awe na bando lake. Tena akumbuke kuwa kwenye launji iliyojaa kila mtu atasikia anachosema.

Jambo la mwisho ndilo la hatari: launji nyingi hazitangazi safari. Abiria aliyezoea kusikia jina la mji wake likiitwa hukaa akisubiri sauti ambayo haitakuja. Weka kengele ya simu saa moja kabla ya ndege kuondoka. Mbele yako kuna mwendo wa miguu na mara nyingi ukaguzi mwingine kabla ya lango, na lango kwa kawaida hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla.

Hesabu za kadi

Mpango unaojulikana zaidi ni Priority Pass. Bei zake za mwaka zilizozoeleka ni dola 99 (kila kuingia unalipa 35), dola 329 (kuingia mara 10 bila kulipa) na dola 469 (bila kikomo). Mgeni unayemwingiza hulipiwa dola 35 kwa ngazi zote. Thibitisha bei ya siku, lakini hesabu yenyewe ni hii.

Ukiingia mara tatu kwa mwaka kwa kadi ya 99, umetumia 204, yaani dola 68 kwa kila mara. Umelipa karibu mara mbili ya bei ya kuingia bila kadi. Ya 329 huanza kuishinda ya 99 ukifikisha mara saba. Ukitumia mara nne tu, kila mara imekugharimu zaidi ya dola 82. Ya 469 huilingana ile ya katikati kwenye mara ya 14, kwa hiyo faida yake ni kuanzia ya 15. Mwalimu wa Kakamega anayekwenda kumtembelea binti yake Marekani mara moja kwa mwaka, hata akihesabu kwenda na kurudi na viwanja vya kubadilisha ndege, hafiki huko. Mfanyabiashara wa Kisumu anayekwenda Guangzhou na Dubai kila baada ya wiki chache anafika kirahisi.

Kadi za benki zenye nembo ya Visa au Mastercard za ngazi za juu ni suala jingine. Benki hukuambia launji ni bure, na maandishi madogo ya masharti yanasomwa baadaye, ukiwa umeshauziwa mbuzi kwenye gunia. Uliza mambo manne kabla ya kuitegemea, na majibu yawe kwa maandishi: ni mara ngapi kwa mwaka, mgeni anahesabiwaje, kadi inahitaji kusajiliwa kwenye programu kabla ya safari au yatosha kuionyesha, na zikiisha zile za bure, nitatozwa kiasi gani kwa dola. Tozo hilo huweza kutokea kwenye taarifa ya kadi wiki kadhaa baadaye, ukiwa umesahau hata jina la launji. Kosa la kawaida kabisa ni la usajili: mtu anafika mlangoni na kadi ya plastiki, mashine inataka msimbo wa kwenye simu, na programu inataka ujumbe wa kuthibitisha unaotumwa kwa laini aliyoiacha nyumbani.

Tena kadi haikuhakikishii kiti. Ikijaa, mhudumu ana haki ya kukurudisha, na wanaorudishwa kwanza huwa ni wa kadi na wa kulipia, kabla ya abiria wa daraja la biashara wa shirika lenyewe. Kama launji ina nafasi za kuagiza mapema, agiza.

Kuhusu hadhi: Kenya Airways ni mwanachama kamili wa SkyTeam tangu 2010, na mwenye Elite Plus, ngazi ya juu ya wanaosafiri sana, huingia launji pamoja na mgeni mmoja anaposafiri nje ya nchi kwa mashirika ya kundi hilo. Kisumu–Nairobi peke yake haihesabiki. Ikiwa ni sehemu ya safari ya nje ya siku hiyohiyo, inahesabika.

Ukumbi wa kawaida, ukijiandaa

Tunaona wengi wanaoudharau ni kwa sababu huwa hawajajiandaa. Shilingi 4,500 za launji zingewanunulia mlo wa heshima, kahawa, bando na bado chenji ikabaki.

Betri ya akiba ndiyo ya kwanza. Yenye mAh 20,000 ina kama wati-saa (Wh) 74, chini ya kikomo cha Wh 100 kinachokubalika bila kuomba ruhusa ya shirika, na lazima iwe kwenye begi la mkononi. Ukiiweka kwenye sanduku la kupakia unaweza kuitwa kulifungua. Yenye mAh 30,000 inavuka kikomo. Ile iliyofutika maandishi ya ukubwa wake huweza kuchukuliwa hata kama ni ndogo. Chaja ya Kenya ina pini tatu za mraba, kwa hiyo beba na adapta ya unakokwenda, kwa sababu bei za adapta za uwanjani hazina huruma.

Chakula kikavu kinapita ukaguzi bila shida: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, mihogo. Uji kwenye themosi haupiti kwenye safari ya nje, wala mchuzi, wala asali ya kumpelekea shemeji, kwa kuwa kila kimiminika cha mkononi kinatakiwa kisizidi mililita 100. Asali iende kwenye sanduku, imefungwa mara mbili. Samaki aliyekaushwa kwa mafuta anaruhusiwa kukaa begini, ila jirani zako wa saa kumi za kusubiri watakuwa na maoni yao. Launji, kwa upande wake, hazipendi chakula cha kutoka nje.

Chagua kiti karibu na nguzo au ukuta, hapo ndipo soketi hupatikana, na uijaribu kabla hujakaa kwa kuwa nyingine hazina stima.

Chumba cha mchana

Kusubiri kukizidi masaa sita, tungechagua hiki bila kusita. Ndani ya eneo la uwanja kuna hoteli kubwa kama Crowne Plaza na Four Points, na bei zake ni za hoteli kubwa. Lakini gesti za kawaida za Embakasi, Syokimau na Mlolongo, ukiomba chumba cha mchana, nyingi hukutoza chini ya ile 9,000 ya watu wawili launjini, na unapata kitanda. Uliza kwa simu kabla: mwisho wa kukaa ni saa ngapi, maji ya moto yapo, gari la kukurudisha lipo au utaita teksi. Rudi uwanjani masaa matatu na nusu kabla, kwa sababu kwenye kizuizi cha kuingilia JKIA kuna ukaguzi, na foleni yake usiku inaweza kuwa ndefu.

Kusubiri kwenyewe kukiwa nje ya Kenya, uliza kabla ya kulipa chochote. Ethiopian huwapa hoteli abiria wengi wanaosubiri Addis Ababa kati ya masaa 8 na 24 pale ambapo hakukuwa na ndege ya mapema zaidi ya kuunganisha, ila ni lazima tiketi iwe moja. Doha kuna vyumba vya utulivu vya bure, vya wanaume na vya wanawake mbalimbali, vyenye viti vya kuegemea. Hapo kulipia launji kwa sababu ya usingizi ni kutupa pesa.

Mzee anayesafiri mwenyewe

Watoto walio ng'ambo hupenda kumlipia mama launji kama zawadi. Nia ni njema, lakini mama wa miaka sabini anayesafiri mara ya kwanza atakaa kwenye launji isiyotangaza ndege, peke yake, akiogopa kuuliza. Mwombee kiti cha magurudumu kwa shirika, angalau masaa 48 kabla. Huduma hiyo ni ya bure, na mhudumu humtoa kaunta, humpitisha uhamiaji na kumfikisha langoni. Ombi lifanywe kwa kila ndege ya safari yake, kwa kuwa la Kisumu halihamii lenyewe Nairobi kama tiketi ni mbili. Pesa ya launji mpeni mkononi ale anachokijua.

Ndege ikichelewa

Usikimbilie kulipia launji. Ukiwa unaruka kutoka Nairobi kwenda Ulaya kwa shirika la Umoja wa Ulaya, kama KLM au Air France, kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inalitaka likupe chakula na vinywaji safari ya umbali huo ikichelewa masaa manne, na malazi ikisogezwa hadi siku inayofuata. Nenda kaunta ukaombe kuponi. Shirika lisilo la Ulaya halibanwi na kanuni hiyo unapotoka Nairobi, ila linabanwa unapotoka Ulaya kurudi nyumbani. Asubuhi za ukungu JKIA ndege hugeuzwa njia, na siku hizo launji hujaa kabla hujafika, kwa hiyo kuponi ya mgahawa ina kazi zaidi.

Tungechagua nini

Kisumu au Eldoret, tiketi moja, masaa matatu hadi matano Nairobi: launji kama unataka kuoga na kula kabla ya usiku mrefu, ukumbi kama umekula. Kusubiri ni mchana? Launji inastahili zaidi kuliko usiku.

Kisumu kwenyewe, usilipie starehe yoyote ya kusubiri. Uwanja ni mdogo, uko kando ya ziwa karibu na mji, na kufika saa moja na nusu kabla kunatosha. Mwenye mzigo mwingi aongeze nusu saa. Eldoret uwanja uko kama kilomita 16 nje ya mji, basi hesabu barabara.

Familia yenye watoto: chumba cha mchana. Launji ya watu wanne ni kama 18,000, na watoto watakuwa wamechoka nayo baada ya dakika ishirini.

Nakuru hakuna ndege ya ratiba ya kutegemea, ni barabara ya kama kilomita 160 hadi Nairobi. Kwa ndege ya saa tano usiku, ondoka saa nane mchana. Siku ya kawaida mwendo ni masaa matatu au manne, na ile barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, inakuvusha kutoka Westlands hadi upande wa uwanja bila kugusa foleni ya Uhuru Highway. Jumapili jioni na mwisho wa sikukuu, Gilgil na Naivasha hukaba. Siku hizo ondoka saa sita. Ukifika mapema kwa sababu hiyo, kaunta itakuwa bado imefungwa, kwa hiyo kula Naivasha njiani kuliko kulipia chochote uwanjani.